Kifungo Kwenye Miwani ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na bunduki nzuri na macho mabovu, na kati ya vitu hivyo viwili alikubali kuzungumzia kimoja tu. Alikuwa fundi cherehani. Nilipopata kazi posta alinipa chumba cha nyuma ya duka lake, na nikakaa humo miaka mingi kuliko nilivyopanga, kwa sababu ya Jumapili zake.

Jumapili mchana duka lilifungwa. Ile meza kubwa ya kukatia vitambaa ilitandikwa nailoni, chaki na mikasi vikapanda rafuni, na mashine ya kusagia nyama ikafungwa pembeni kwa skrubu. Wawindaji walikuwa watatu. Mjomba mwenyewe. Fundi Saa, jirani ambaye kibanda chake kiligusana ukuta na duka letu. Na Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu lakini hesabu yenyewe ilikuwa haijamstaafu. Jumamosi walikwenda porini na vibali vyao, na wakibahatika kurudi na pongo mmoja, yule swala wa kahawia wa vichakani, Jumapili anageuzwa soseji. Mimi nilipewa mpini wa mashine. Mjomba alisema mkono unaogonga mihuri kutwa nzima usilale Jumapili, utasahau kazi.

Ubishi wao ulikuwa ule ule kila wiki, na ningetoa kitu chochote niusikie tena leo. Nyama ya pongo ni kavu, haina mafuta, kwa hiyo lazima uichanganye na mafuta ya ng'ombe. Mwalimu alitaka robo kamili. Fundi Saa alipima kungumanga kwenye kimizani kidogo cha kupimia dhahabu, anashusha pumzi polepole asije akaipeperusha. Mjomba hakupima kitu. Alikaanga kipande kidogo kikaangoni, akatafuna huku ametazama dari, akasema bado haijasema, ongezeni kitunguu saumu. Halafu akaketi kuujaza utumbo wa kondoo uliooshwa kwa maji ya chumvi, na hapo hata Mwalimu alinyamaza. Vidole vyake vilijua wenyewe pa kubana na pa kupinda. Soseji zilitoka zimelingana kama mikono ya shati moja.

Nyama ikiisha kusagwa, mazungumzo yalihamia kwenye macho. Wote watatu walikuwa wamepita miaka sitini, na ukilenga bunduki unatakiwa uone vitu vitatu kwa pamoja: kibati chenye mwanya kilicho karibu na jicho, kile kidude kilichosimama kwenye ncha ya mtutu, na mnyama mwenyewe kule mbali. Macho ya kijana yanavikusanya vyote. Ya mzee yanachagua kimoja na kuviacha vingine kwenye ukungu. Fundi Saa alikuwa amepaka ncha ya mtutu wake rangi nyekundu ya kucha ya mkewe, na mkewe alikuwa bado anaitafuta chupa. Mwalimu alinunua darubini ya bunduki, akaisifia hadi tukampa jina la Mwalimu Darubini. Siku ya kwanza ilimrudi ikampasua nyusi, lakini hilo hakulisimulia, tuliliona wenyewe.

Mjomba aliikataa darubini katakata. Alisema yeye anawinda, haangalii televisheni. Macho yake, alisema, hayana tatizo, tatizo ni nyuzi za siku hizi, zinachanuka ncha, hazipiti kwenye sindano. Nyuzi hizo nilikuwa namtungia mimi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilipomwambia kwa upole apumzike kuwinda, abaki na soseji zake, alinitazama vibaya.

"Mwindaji asiyeona ni mpishi tu," alisema. "Na mpishi hakai mezani na wawindaji. Anawapakulia."

Basi nikajua anaogopa nini. Pongo alikuwa kisingizio. Alichoogopa kupoteza ni kiti chake kwenye meza ile ile aliyoinunua mwenyewe.

Dawa ya macho yake aliigundua mwenyewe kazini, nayo ilikuwa kifungo. Alichungulia kitundu kilichotobolewa na sindano kwenye kipande cha bitana nyeusi, akaona maandishi ya kalenda ya ukuta wa pili yamesimama wazi kama zamani. Akachukua kifungo cheusi cha koti, kile cha uso mtupu, kisicho na matundu, akachoma sindano kwenye moto, akakitoboa katikati na kukigandisha kwenye kioo cha kulia cha miwani yake. Jumapili hiyo waliweka kopo nyuma ya machimbo ya kokoto, jua la utosini, hatua themanini. Alipiga risasi tano na kopo likapata matundu matano. Mwalimu aliyahesabu mara mbili. Mjomba alishinda wiki nzima na ile miwani usoni, anapima wateja nayo, na mimi nikamwambia amefanana na koti lililoachwa nusu. Alicheka hadi akakohoa. Sikuwa nimemwona na furaha ya namna ile tangu mkewe afariki.

Jumamosi iliyofuata waliondoka alfajiri. Walirudi mapema, mikono mitupu. Mjomba alisema alimwona pongo dume lakini akakimbia, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango.

Kesho yake hakukuwa na soseji. Nilimkuta kwenye cherehani na makoti matatu ya kuwindia, ya kahawia, ambayo yote alikuwa ameyashona yeye. Lake lilikuwepo, na mengine alikuwa amepita kuyachukua kwa wenzake asubuhi. Aliniomba nimkatie vipande vitatu vya kitambaa chekundu, vipana, vya kuziba mgongo wote. Ile miwani ilikuwa mezani, kifungo kimebanduliwa. Alianza kuongea akiwa amenipa mgongo.

"Lile tundu linakula mwanga," alisema. "Mchana wa jua hulijui. Alfajiri kichakani linakupa kitu cha kahawia, mengine unamalizia mwenyewe."

"Ukamalizia nini, Mjomba?"

"Pongo. Nikamwekea na pembe." Alinyoosha kitambaa chini ya sindano, mara mbili, tatu. "Kidole kiko kwenye triga, nimeshashika pumzi. Pongo akakohoa."

Pongo huyo alikuwa Fundi Saa, ameinama anafunga kamba za kiatu.

"Koti nimelishona mimi," alisema. "Mabega yake nayajua kwa kugusa tu. Na nilikuwa naenda kumuua."

Alilia, na mimi nikalia naye. Nilimsihi amwambie mwenzake, maana mficha maradhi kilio humuumbua. Akaniapisha nisimwambie mtu. Akasema Fundi Saa akijua hatakaa tena bega kwa bega naye, na akikaa, atakaa kwa huruma, na huruma ni mbaya zaidi. Jumatatu alipeleka bunduki polisi na kibali ofisi ya wanyamapori. Wenzake aliwaambia mgongo unamuuma. Makoti aliyarudisha na kitambaa chekundu mgongoni, akasema siku hizi porini kuna watu wengi, ni usalama. Mwalimu alimbembeleza mwezi mzima achukue darubini yake. Fundi Saa alisema tu, "Mwache, kila mtu na mgongo wake."

Alichokiogopa hakikutokea. Jumapili waliendelea kuja na nyama na kuketi mahali pao, na hakuna aliyemwambia awapakulie. Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Mwishoni macho yalizima kabisa, akawa anazijaza soseji huku ameyafumba, kwa vidole, na zilitoka zimelingana vile vile. Alipenda kusema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na Mwalimu alijibu kwamba kilichobaki hai kwake ni mdomo.

Mwaka huu tumemzika. Jumapili ya tatu baada ya mazishi Fundi Saa aligonga mlango, amebeba nyama kwenye ndoo na amevaa lile koti, kitambaa chake kimepauka hadi kuwa rangi ya waridi. Mwalimu alikuwa mgonjwa, tukawa wawili. Nilizungusha mpini, kisha nikajaribu kujaza utumbo, ukapasuka mara mbili. Fundi Saa aliupokea bila kunilaumu.

"Alikwambia habari ya siku ile ya pongo dume?" aliuliza.

Niliufuta mpini wa mashine. Nilikuwa nimeapa.

"Basi alikwambia," alisema. "Mimi sikuwa na kikohozi siku ile, mwanangu. Niligeuza shingo nikaona mtutu, na nyuma yake kile kifungo kinanitazama. Ukimpigia kelele mtu mwenye kidole kwenye triga, anashtuka. Nikakohoa kama mwenye mafua, nikaendelea kufunga kiatu. Nilifunga fundo ambalo jioni mke wangu alilikata kwa kisu."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Angejua nimemwona, asingekaa tena na mimi," alisema, akaupinda utumbo, akabana. "Nilitaka akae."

Nilimwambia basi, kiapo au bila kiapo, kwamba Mjomba aliogopa jambo hilo hilo. Aliacha kupinda. Alikitazama kiti kitupu cha Mjomba kilichokuwa kati yetu, akavua lile koti, akalitundika mgongoni mwa kiti, kitambaa kilichopauka kikatuelekea. Kisha aliniambia nikaange kipande kidogo, tuonje kama imesema.