Mwezi Ambao Sikukosa Kazi

Miezi miwili baada ya kuachishwa kazi kiwandani Isipingo, nilienda kudai mafao ya wasio na ajira. Karani akatazama kompyuta, kisha akanitazama mimi.

“Mwajiri wako anasema bado uko kazini. Mwezi huu hujakosa hata siku moja.”

Asubuhi iliyofuata nikaenda kiwandani nikiwa nimefura kwa hasira. Pale langoni alisimama rafiki yangu Mkongo. Zamani, taksi ikichelewa, tuligongeana kadi za mahudhurio kwenye mashine ya langoni. Akagonga yake. Halafu akachomoa yangu, iliyokuwa bado kwenye rafu, akaigonga pia, taratibu, midomo ikinong'ona jina langu.

“Unafanya nini wewe?” nikafoka.

Akageuka, hakushtuka hata kidogo.

“Ndugu, nikiacha, si utakuwa umeenda kabisa?”