Samaki Waliokufa Maji

Nilikuwa mkalimani wa Mzungu mmoja aliyefundisha chuo kikuu kwao Ulaya. Alikuja Mto Tana kutafuta samaki walio hai, awapeleke chuoni wakae katika masanduku ya vioo, wanafunzi wawatazame wakila na kuogelea. Alikuja na masanduku mawili. Kazi yangu ilikuwa kuyachunga na kumfasiria.

Tulipofika Kilelengwani, wakati wa kiangazi, mama mmoja Mpokomo alituletea kamongo wanne, samaki wa matopeni. Alikuwa amewafukua kwa jembe katika ziwa lililokauka, kila mmoja amejikunja ndani ya bonge la udongo. Tulipowaloweka walinyooka taratibu, warefu kama mikunga, wakaanza kutembea majini.

“Mwanangu,” mama akaniambia, “mwambie asijaze maji hadi juu. Huyu hupanda kuvuta pumzi kama sisi. Mkimfunika atakufa.”

Mimi ni mtu wa Kipini. Nilijivunia Kiswahili changu, na cha yule mama, kilichochanganyika na Kipokomo, kilinichekesha. Samaki afe maji? Niliona nikiyafikisha maneno hayo nitaonekana mjinga.

“Anasemaje?” Mzungu akauliza.

“Anasema ni samaki wazuri, bwana.”

Basi akayajaza masanduku hadi ukingoni, akayafunika kwa vioo, akakaza kamba ili samaki wasiruke nje. Asubuhi yote niliwaona wakigonga kifuniko kwa pua. Nilielewa. Lakini kulegeza kamba kungenilazimu kueleza, nami nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Alasiri wote wanne walikuwa wamekufa.

Mzungu alimpasua mmoja. Akanionyesha mapafu.

“Yule mama alilijua hili?”

“Hakusema lolote, bwana.”

Akaandika daftarini kwamba wenyeji hawamjui samaki wao.

Kesho yake mama akarudi na kamongo wengine wawili kapuni. Akawatazama wale waliokufa, akanitazama mimi.

“Ulimwambia?”

“Nilimwambia, mama. Hakunisikiliza.”

Akamtazama Mzungu kwa huruma, kama anayemtazama mtu mzito wa kuelewa. Kisha akajitwika kapu lake na kuondoka na samaki wake. Mzungu aliposema tumwite, nilijibu kwamba amekataa. Mzungu akarudi kwao na kamongo waliokufa, wamelowekwa ndani ya pombe kali.

Miaka kadhaa baadaye nilipita tena Kilelengwani, nikiwa nimekusudia kumweleza yule mama ukweli. Nilimkuta akipalilia mpunga. Alinitambua, akanikaribisha kivulini, akanipa wali kwa samaki.

“Na yule bwana wako asiyesikia,” akauliza, “alipata wengine?”

“Sijui, mama.”

“Maskini. Alikuwa anawapenda.”

Nilikula hadi nikamaliza, nikanawa mikono, nikamshukuru. Nilishika njia ya Kipini bila kumwambia.