Nilivyotangaza Mshono wa Mzee Wafula Umeachia

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na leo mkinicheka mcheke tu, kwa sababu niliitafuta mwenyewe kwa wivu.

Nilikuwa nesi wa wodi ya upasuaji pale Kitale, miaka kumi na mbili kazini (na mdomo wa kujisifu juu yake), halafu akaja nesi mpya, msichana wa Bungoma, Nekesa, anapima mapigo ya moyo na homa ya kila mgonjwa wa kansa aliyetolewa mfuko wa tumbo, anaandika, anafikiria. Siku moja akasema, "Huyu mama wa kitanda cha tatu, mshono wa ndani utaachia," na kweli ukaachia, mama akaokolewa mapema, daktari akamsifu mbele yetu sote. Mimi nikatabasamu huku moyo unafuka moshi.

Basi, mzee Wafula wa Kabuchai, siku ya saba baada ya upasuaji huohuo, akawa analalamika ati uji mwepesi anaopimiwa hauna ladha, na kila saa ni "Nekesa, Nekesa." Nikasema, si huyu nimpendeze mimi? Nikampa chai yangu, kikombe kizima, sukari vijiko vinne.

"Wewe ndiye nesi, bana," akaniambia, nikavimba kichwa.

Haikupita nusu saa akaloa jasho, moyo unaenda mbio, ameshika tumbo. Badala ya kukumbuka chai, nikaona bahati yangu imefika! Daktari alikuwa anapita wodini, nikapaza sauti kila mtu asikie: "Daktari, mshono umeachia, mimi nilijua tangu jana!" (Uongo mtupu.) Mkewe akaangua kilio, akapiga simu nyumbani, ndugu wakaondoka Kabuchai na pasta wao kuja kumuaga, na chumba cha upasuaji kikaanza kutayarishwa.

Nekesa akambonyeza mzee tumbo polepole, akalikuta laini. Akapima homa, hakuna.

"Baba, umekunywa nini?"

"Chai tamu ya Sista Robai," mzee akajibu, tena kwa shukrani.

Daktari akanieleza, mbele ya wagonjwa na yule mama mwenye machozi, kwamba mtu asiye na mfuko wa tumbo, sukari nyingi humshukia utumboni kwa ghafla, ndiyo jasho, ndiyo moyo mbio. Na mimi nilijua! Hapo ndipo paliniuma.

Mzee akalala kidogo, akatulia. Pasta na watu wake walipofika, nani alitumwa mlangoni? Mimi.

"Kwa hivyo hafi?" pasta akauliza.

"Hafi," nikasema, nikitazama viatu vyangu.

Nilimwomba Nekesa msamaha siku hiyohiyo. Wivu haujaniisha, siwadanganyi, akisifiwa bado nameza mate machungu, lakini sitashindania sifa tena juu ya mwili wa mgonjwa.