Saa Tisa ya Faksi

Dorotea Mashimba Nkwabi, mzaliwa wa Nyanguge na mkazi wa Kiseke, ni binti wa Mashimba, yule aliyebeba mfuko wa barua begani kutoka Mwanza hadi Magu kwa miguu, miaka kumi na mmoja, na mfuko haukulowa hata siku moja, ingawa mto Simiyu ulimlowesha yeye mwenyewe mpaka kidevuni. Mashimba naye ni mwana wa Nkwabi, aliyejaliwa koo la kupiga mwano. Ng'ombe wakiibiwa, yowe la Nkwabi lilivuka vilima vitatu, na wanaume walijua kwa sauti ile ile wezi wameelekea upande gani. Ukoo wa kufikisha neno, basi. Wengine walirithi mifugo, wao walirithi ujumbe.

Dorotea aliingia kazini mwaka 1966, na darasa lake la nane na viatu vya kuazima, akakalishwa mbele ya swichibodi ya jengo moja la serikali mjini Mwanza. Hakuinuka pale kwa miaka thelathini na miwili, isipokuwa kwenda kujifungua mara nne. Wakati wa vita ya Kagera alikaa kwenye kiti kile siku tatu bila kurudi nyumbani, chakula analetewa, usingizi anauibia mezani. Kitaa kikiwaka, anachomeka waya, anasema "Mwanza, nikusaidie?", anaunganisha. Taa sita za juu zilikuwa za matawi ya wilayani: Geita, Sengerema, Ukerewe, Magu, Kwimba na Misungwi. Alizijua taa zile kama mama anavyojua vilio vya watoto wake.

Sheria ya kwanza waliyofundishwa ni kwamba opereta hana masikio. Anasikia ili aunganishe, baada ya hapo hajasikia. Dorotea aliishika sheria hiyo kuliko wengine wanavyoshika amri za kanisani. Amewaunganisha wakubwa na wake zao, na wasio wake zao, na hakuna neno hata moja lililowahi kuvuka meno yake. Mumewe alikufa bila kuambiwa lolote, na alikuwa mtu wa kupenda habari.

Mwaka 1998 mambo yalikuwa yamegeuka. Mashirika yanauzwa, watu wanapewa barua za kupunguzwa kazi, makampuni binafsi ndiyo yanaitwa kuja kuifundisha serikali kazi. Dorotea alipewa barua yake mwezi wa nne. Mwisho wa Juni aondoke, na swichibodi ing'olewe, kwa maana matawi yote sita yataunganishwa kwa mtandao wa kompyuta. Hakulia. Aliikunja barua akaitia kwenye mkoba pamoja na rozari.

Mtaalamu wa kupima mtandao huo akaja kutoka Dar es Salaam. Jina lake Venant, mhandisi wa kampuni binafsi, Mhaya wa Bukoba, kijana wa miaka kama thelathini, mpole, shati limenyooka. Kazi yake ilikuwa kukadiria njia ya mawasiliano kutoka Mwanza kwenda Dar iwe na upana gani ili matawi yote yapite. Ikiwa nyembamba, kazi zitakwama. Ikiwa pana kupita kiasi, serikali italipia upepo. Na mkataba ulikuwa wa miaka mitano, usiofunguliwa katikati. Kitakachoandikwa ndicho kitakacholiwa.

Basi Venant akagawa fomu kwa matawi yote. Swali moja lilisema: "Saa zenye shughuli nyingi ni kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?" Fomu zikarudi. Akazunguka mwenyewe Geita na Sengerema kuhakikisha idadi ya mashine. Siku ya Alhamisi akamaliza hesabu. Ijumaa mchana alitakiwa kupanda ndege na karatasi yenye sahihi.

Alhamisi hiyo, saa nane mchana, laini zimetulia, Venant aliingia chumba cha swichibodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Dar tena?"

"Dar tena. Niwasomee wenzangu hesabu, waanze kujiandaa."

Akamuunganisha. Venant akaketi kwenye kiti cha pembeni na kuanza kusoma, naye Dorotea akaanza kutosikia, kama kawaida yake.

"Kila tawi likiwa kwenye shughuli linataka kilobiti kumi na sita kwa sekunde," alisema Venant kwenye simu. Kilobiti ndiyo pishi yao ya kupimia habari. "Matawi sita. Lakini bahati nzuri hayagongani. Ukerewe, Kwimba na Misungwi, saa tatu hadi saa tano. Geita, Sengerema na Magu, saa tisa hadi saa kumi na moja. Yaani hawa asubuhi, hawa alasiri. Kwa hiyo ni matatu kwa wakati mmoja, kilobiti arobaini na nane. Njia ya sitini na nne inatosha na inabaki. Ndiyo. Miaka mitano."

Dorotea alikuwa na waya mkononi. Ulibaki mkononi.

Saa kumi na moja? Serikali gani hiyo inayofanya kazi mpaka saa kumi na moja? Watu wanaingia saa moja na nusu, saa tisa na nusu wanatoka, na saa tisa na nusu hata mlinzi ameshavaa ndala. Na taa za Geita, Sengerema na Magu, ambazo amezitazama miaka yote hii, zinawaka lini? Zinawaka saa tatu asubuhi, pamoja na zile nyingine tatu, zote sita kwa mpigo, kama watoto wamemwona mama karudi na kikapu.

Hapo alimkumbuka mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwona sura. Mwaka 1991, saa tatu na robo asubuhi, taa sita zimewaka na yeye ana njia tatu tu za kupitishia. Akapokea hii, akapokea ile, pamba imekwama wapi, gari la mkubwa linataka tairi. Taa ya sita ilingoja dakika arobaini. Alipoipokea ilikuwa ni mganga wa wilaya moja ya ng'ambo ya maji, anaomba maji ya dripu, kipindupindu kimeingia. Dawa zilikosa chombo cha siku ile, zikapanda cha kesho yake. Mganga alipiga tena baada ya wiki kushukuru, na kwa heshima hakutaja idadi ya waliofariki. Dorotea hakuuliza. Toka siku hiyo alinunua daftari, akawa anaandika kila asubuhi taa ngapi zimengoja.

Sasa wanataka kuirudisha saa tatu ile ile kwa miaka mitano, na safari hii hatakuwepo hata mtu wa kuiona taa ikingoja.

Venant aliweka simu chini. "Asante mama."

"Baba, kaa kidogo," alisema Dorotea. "Mimi opereta sina masikio. Miaka thelathini na miwili sikuwahi kusikia kitu. Leo nimesikia."

Venant akakaa, nusu anatabasamu, nusu ameogopa.

"Ulipotoka Geita juzi, pale Busisi ulingoja pantoni muda gani?"

"Usinikumbushe, mama. Saa mbili na nusu."

"Pantoni iliharibika?"

"Nzima kabisa. Ilikuwa siku ya mnada. Malori yote yalifika kwa wakati mmoja."

"Na ukivuka pale saa nane mchana?"

"Unapita kama unakwenda kwako."

"Haya. Hao wa saa tisa na hao wa saa tatu, baba, ni malori ya mnada mmoja. Umewapanga siku mbili kwenye karatasi, lakini wote wako ufukweni asubuhi."

Venant akafungua mkoba, akatoa fomu ya Magu. "Mama, wameandika wenyewe. Tazama. Tisa, kumi na moja. Kwetu kazini saa kumi na moja ndiyo kwanza tunapamba moto."

"Kwenu kampuni. Hapa serikali." Akachomeka waya wa Magu. Aliyepokea alikuwa Gladness, karani wa tawi, binti mwenye sauti ya kwaya. Dorotea akampa Venant kisikilizio cha pili.

"Shikamoo Mama Modesta!" Modesta ni kitindamimba wa Dorotea.

"Marahaba. Gladness, mwanangu, saa tisa huwa unafanya nini?"

"Saa tisa? Mama, unataka kunifukuzisha kazi? Saa tisa nafunga kabati. Na nusu niko sokoni nachagua dagaa."

"Na kazi nyingi inakuwa saa ngapi?"

"Si saa tatu! Wewe ndiye shahidi, unatunyima laini kila siku."

"Mbona kwenye fomu umeandika saa tisa?"

Gladness akacheka mpaka waya ukakwaruza. "Hiyo ni tisa ya faksi, mama! Fomu ilitaka saa kamili, nikachukua karatasi zilizotoka kwenye faksi. Juu pale mashine inaandika yenyewe. Tisa na dakika kumi, kumi na dakika ishirini. Kizungu chake hicho. Nikanakili."

Ndivyo ilivyokuwa. Matawi matatu yalipewa mashine za faksi mwaka juzi, Geita, Sengerema na Magu, na makarani wote watatu walinakili saa ya mashine. Matawi matatu yasiyo na faksi yalitazama jua na kuandika saa tatu. Saa ile ile moja iliandikwa kwa majina mawili, na Mhaya wa watu akayasoma yote mawili kwa Kiswahili.

Venant alijishika kichwa. "Zote sita. Tisini na sita."

"Na njia yako?"

"Sitini na nne." Akainuka. "Mama, twende kwa Bwana Odero."

Odero alikuwa afisa utawala, Mluo wa Shirati, mtu wa mihuri. Karatasi ilikuwa mezani kwake, imeshachapwa nakala nne. Aliwasikiliza huku amesimama.

"Mama Modesta," alisema, "barua yako si umepata?"

"Nimepata."

"Zimekubakia wiki tatu. Sasa mtu wa wiki tatu anatupangia miaka mitano? Tena kwa maneno aliyoyasikia kwenye simu ya watu?"

Neno lile lilimchoma pale palipo pake. Venant akatazama sakafu. Lakini binti wa Mashimba hakujikunja.

"Ni kweli, nimesikia, na nimevunja sheria," alisema. "Niandikie onyo, bado nina wiki tatu za kulisoma. Ila kesho saa tatu njoo uketi kwenye kiti changu. Ukinionyesha taa tatu zikiwaka na tatu zimelala, tia sahihi yako, nami nitakuletea maziwa ya mgando nyumbani kwako."

"Maziwa ya Wasukuma yana maji."

"Na samaki wa Wajaluo wana miiba, lakini tunawala. Njoo."

Odero alikuja, hiyo lazima tumsifu. Ijumaa saa tatu kasoro dakika tano aliketi, suruali ameivuta magotini isikunjike. Saa tatu kamili Kwimba ikawaka. Akacheka, "Moja." Kabla hajafunga mdomo Magu ikawaka, Geita, Ukerewe, Misungwi, na mwisho Sengerema. Sita. Dorotea hakugusa waya. Alisimama nyuma yake, mikono ameikunja.

"Pokea basi!" alisema Odero.

"Nipokee ipi?"

Odero akanyoosha mkono kwenye moja, akaurudisha, akaunyoosha kwenye nyingine. Taa ya Ukerewe ilizimika yenyewe. Mpigaji alikuwa amechoka.

"Huyo alitaka nini?" aliuliza Odero.

"Hatujui," alisema Dorotea. "Hicho ndicho ninachokwambia."

Akamwinua kwa adabu, akaketi, akaanza kuchomeka. Nyuma yake alimsikia Venant akiuliza kama kuna karatasi safi, na Odero akimwita mpiga chapa. Njia iliyoombwa siku hiyo ilikuwa ya kilobiti mia moja ishirini na nane, saizi inayofuata baada ya sitini na nne. Venant aliipanda ndege na sahihi mbichi, na kabla ya kuondoka alizirudisha fomu zote sita kwa makarani, waongeze neno moja kwenye kila saa.

Onyo la Dorotea lilikuja kweli, Jumanne, mistari miwili, kwa kusikiliza mazungumzo ya simu. Alilitia kwenye mkoba pamoja na ile barua ya kwanza.

Siku ya mwisho ya Juni mafundi waliing'oa swichibodi. Dorotea hakutazama. Alikwenda mapokezi kwa Bernadeta, mama wa makamo kutoka Buzuruga aliyebakizwa kazini, akaweka daftari mbele yake. Lilikuwa na miaka saba ndani, siku kwa siku, taa zilizongoja.

"Kompyuta hazina vitaa," alimwambia. "Mtu akingoja hakuna atakayemwona. Kwa hiyo kila Jumatatu utapiga simu matawi yote sita, umuulize karani mwenyewe, siyo mkubwa wake: wiki iliyopita mlingoja nini, na saa ngapi? Uandike humu. Mkataba ukikaribia kuisha, mpigie Venant, namba yake ipo nyuma ya jalada, umsomee."

"Miaka mitano, Mama Modesta?"

"Miaka mitano. Na ukiondoka wewe, mpe mwingine."

Bernadeta akafungua ukurasa mpya, akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri: Saa 3.

"Asubuhi," alisema Dorotea. "Andika na asubuhi."