Mitqali Aoga Horini

Mitqali wa kijijini kwetu Shobaki, huku milimani, alikuwa akiuza matangi ya maji na hita za jua, na mdomo wake ulichemka kuliko hita zake zote. Kwetu bwana harusi huogeshwa nyumbani kwa jirani kabla ya kwenda kumchukua mke. Yeye akakataa. "Nitaoga kwangu, kwa hita yangu!"

Asubuhi ya harusi yake na Wadha ikaanguka theluji, wallahi, hata moshi uliganda juu ya paa tukautundikia nguo. Mabomba ya kijiji kizima yakawa mawe, ya Mitqali yakitangulia. Akanijia mbio, ananuka beberu, na waimbaji wameshafika mlangoni.

"Shangazi, niokoe! Nikienda hivi Wadha hatoki kwa baba yake!"

"Maji moto ninayo," nikamwambia, "ila yamo horini mwa mbuzi. Si uliniuzia mwenyewe ile hita ya kupashia maji ya kunywesha mbuzi?"

"Horini! Watu watasema nini?"

"Watasema umeoga. Vua, wewe!"

Vijana wakamtumbukiza huku wakiimba. Mimi niligeuza uso, nikachungulia kidogo tu. Mbuzi wangu nao wakajitosa kumsugua mgongo kwa ndevu zao. Alitoka anang'aa hata theluji ikayeyuka njia nzima hadi kwa akina Wadha, mbuzi wote wakimfuata na kulamba kanzu.

Wadha akachungulia dirishani, akacheka akashika mbavu.

"Huyo mleteni," akasema, "lakini wakwe zangu wenye pembe wabaki nje."