Mama alivyokuwa akijibu "sijambo", na jinsi tulivyojifunza kumuuliza mzigo

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hii nimeiishi mwenyewe, siongezi chumvi wala sipunguzi. Ni ndefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni dada wa Kisambaa, nalima karoti na kabichi huku Malindi, Lushoto. Mama yangu aliugua kansa ya shingo ya kizazi. Tulihangaika naye mpaka hospitali kubwa, mwisho daktari akatuita mimi na kaka yangu Athumani. Akasema imeshaingia kwenye mifupa. Kuponya haiwezekani tena, kilichobaki ni kumtuliza maumivu aishi vizuri siku zake.

Athumani alilia. Mimi nilikasirika.

Nikajiapiza: kupona kumeshindikana, sawa, lakini mama yangu hafi huku anauma shuka.

Mama mwenyewe alikuwa na ombi moja tu. Arudi akae jikoni kwake, auone moto wake unawaka.

Tukarudi na chupa ya morfini ya maji. Nesi wa tiba shufaa, wale wanaohudumia wagonjwa wa namna hii, akawa anapanda kuja kumwona nyumbani.

Sasa sikilizeni kituko.

Nesi ni binti mdogo, ana adabu zake. Anaingia, anapiga goti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Maumivu yakoje leo?" "Sijambo, alhamdulillahi."

Anamwonyesha mpaka vidole: sifuri hakuna maumivu, kumi ndiyo makali kabisa. Mama anavitazama vile vidole, anatabasamu. "Sijambo."

Nesi afanyeje? Dozi inabaki ileile. Akishateremka tu kilima, mama anageukia ukutani, jasho linamtoka, kanga iko mdomoni.

Siku moja uzalendo ukanishinda. Nikamuuliza kwa nini anamficha nesi. Akanishangaa kweli kweli.

"Mgeni kanisalimia. Ulitaka nimlilie mlangoni?"

Hapo nikaelewa, wakuu. Kwetu salamu ni ndefu na jibu lake ni zuri hata kama nyumba inaungua. Mtoto wa watu kakuamkia, unamjibu vizuri. Mama hakuwa anaongopa, alikuwa anaitikia salamu!

Kesho yake napandisha kabichi kutoka bondeni, shingo inaniuma, wazo likanijia. Mama amebeba mizigo kichwani, juu ya ngata ya kanga iliyoviringwa, maisha yake yote kwenye hivi vilima. Mizigo anaijua kuliko vidole.

Nikaingia chumbani, sikuamkia wala nini (Mungu anisamehe).

"Mama, leo umebeba nini?"

Akanigeukia.

"Gunia la viazi. Njia inateleza. Na hakuna wa kunitua."

Nilitoka nje nikalia. Nilipomaliza nikampigia nesi.

Akaja, akasikia mwenyewe. Hakudharau. Akaongea na daktari, dozi ikapandishwa. Akatukumbusha kwamba dawa hunywewa kwa saa zake hata kama mgonjwa hasikii maumivu, maana yakishashika moto kuyazima ni kazi. Na dawa ya kulainisha choo isikosekane, morfini inafunga tumbo.

Athumani akagoma. Eti hiyo ni dawa ya kumalizia watu. Na kweli siku za mwanzo mama alisinzia sana, kaka akawa ananitazama kama muuaji. Lakini nesi alishatuambia usingizi ule utapungua, na mimi ni mbishi. Nikakaza.

Halafu asubuhi moja namenya viazi, nasikia sauti nyuma yangu:

"Hayo maganda unawamenyea ng'ombe?"

Mama! Kajikokota na mkongojo mpaka mlango wa jikoni.

Tukamwekea godoro karibu na jiko, na tangu siku hiyo sikupumua. Mara chumvi imezidi, mara moto mdogo, mara nimefunga kanga kama mlevi. Jamani, sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile. Athumani naye ndiye akawa mlinzi wa saa za dawa, ukichelewa anakufokea.

Kila asubuhi tunamuuliza mzigo. Akisema majani ya ng'ombe, siku nzuri. Akisema kuni mbichi, tunampigia nesi.

Mara ya mwisho kumuuliza alikuwa hapohapo kwenye godoro lake, moto unawaka.

"Nina ngata tu kichwani," akasema. "Mzigo nimeshautua."

Kisha akanitazama. "Na wewe mwanangu, umebeba nini?"

"Sijambo, mama."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Sijakusalimia. Nimekuuliza."

Nikaweka kichwa mapajani kwake nikamwambia yote. Siku chache baadaye alitutoka, jikoni kwake, bila kuuma kanga.

Nilichojifunza: salamu iishe kwanza, ndipo umuulize mgonjwa. Na umuulize kwa kazi anayoijua, awe fundi, dereva au mkulima. Morfini nayo msiihukumu kwa maneno ya vijiweni, fuateni maelekezo ya wataalamu na msiogope kuwasumbua. Mimi niliwasumbua sana na sijutii.

Haya, wenye mgonjwa nyumbani, leo kabeba nini? Na wewe unayemuuguza?

Uwanja ni wenu, ila humu ndani asinijibu mtu "sijambo".