Kichwa Nyundo na Nguo za Watu

Hii ndege mimi sikuipenda, wacha niseme mapema. Rangi yake ni ya chai iliyopikwa na mtu mchoyo wa maziwa. Mbele mdomo, nyuma kishungi, ukiiangalia kwa kando unaona nyundo ya seremala. Kwa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa huko Ruiru, pale tulikuwa tunakaa, tuliiita Kichwa Nyundo, na iliogopwa kuliko nyapara.

Nyapara alikuwa anaweza kukupiga tu. Kichwa Nyundo ikipita juu ya nyumba ikilia, ati kuna mtu anaenda kuzikwa. Ukiharibu kiota chake, nyumba yako inaungua. Ikijiangalia kwa maji, inaona sura ya yule atakufa. Mimi nimeiona ikijiangalia kwa maji ya bwawa asubuhi nzima nikiosha magunia. Ilikuwa inaangalia vyura! Inasugua matope na mguu mmoja, chura anashtuka, kwisha. Kama kila chura iliyomezwa ilikuwa mtu, Ruiru yote ingekuwa makaburi.

Shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha na magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani kuzuia upepo, ndio maana najua habari nyingi ambazo sijui ziliishaje. Na ndege nilijifundisha kwa hiyo bwawa. Huo wakati wa emajensi, Mzungu akiwinda Mau Mau, watu wachache wakisimama pamoja wanaulizwa kibali kiko wapi. Kichwa Nyundo zilikuwa zinakutana kundi zima, zinakimbia zikizunguka, zinapiga kelele, halafu zinapandana mgongoni. Dume juu ya jike, jike juu ya dume, na hakuna kitu inafanyika, ni mchezo tu. Mwalimu wetu wa kanisa aliona hiyo siku moja akafunika macho na Biblia. Jumapili akasema hiyo ni ndege ya shetani. Halafu akasema tusiiguse. Nikamuuliza mama yangu, kama ni ya shetani na Yesu ndiye ana nguvu, si tuile? Nikapigwa na mwiko.

Sasa, rafiki yangu. Huyo tulichuna kahawa mstari mmoja tangu tukiwa wadogo, na mtu akimgusa amenigusa mimi. Aliolewa hapo hapo laini. Bwana yake alikuwa anafanya kazi kiwandani huko Thika, anakuja Jumamosi kama pasi yake imetiwa sahihi, kwa hivyo siku zingine zote rafiki yangu alikuwa ameolewa na mama mkwe. Mwaka ukapita, tumbo liko vile vile. Mama mkwe akaanza kuliangalia vile watu wanaangalia mawingu.

Halafu siku moja rafiki yangu akaanika kitambaa chake cha kichwa kwa ua, kile chekundu bwana alimletea, na Kichwa Nyundo ikashuka mchana peupe, ikakibeba mpaka kwa kiota, kwa ule mkuyu wa bwawani. Laini yote iliona. Na kila mtu alijua maana yake: mwanamke ambaye kitambaa chake kimeingia kwa hiyo nyumba, tumbo lake limefungwa humo.

"Umeona na macho yako," mama mkwe akamwambia. "Kesho asubuhi unarudi kwa mama yako huko Mugutha. Kijana wangu akikuja Jumamosi, nitamwelezea."

Rafiki yangu akaanza kukunja nguo zake. Yeye ni wa kunyamaza, mimi ndiye nilipewa maneno ya watu wawili.

"Maitu," nikasema, vile sisi tunaita mama, "kwani hapa ni ndege inazalisha watu?"

"Wee kairitu, kasichana wewe, nani amekuita?"

"Hakuna. Nimejileta."

"Basi jirudishe."

Nikajirudisha. Nikavaa kaptula ya ndugu yangu, nikaenda moja kwa moja kwa mkuyu, nikaanza kupanda. Watu wakatoka manyumbani kama wameitwa na filimbi. Msichana juu ya mti, na mti wenyewe ule!

"Ngai, Mungu wangu! Angalia hiyo miguu!"

"Ukianguka, usiangukie mboga zangu za sukuma!"

Mwalimu wa kanisa akaja mbio. "Shuka, mtoto! Utachoma laini nzima!"

"Basi anza kuteka maji, mwalimu!"

Hicho kiota, jamani. Chini unakiona kama takataka imeshikwa na matawi. Juu ni nyumba. Vijiti juu ya vijiti, paa ngumu nikasimama juu yake na haikulia. Mlango ni mdogo, uko kwa upande, umekandikwa matope laini kuliko jiko la mama yangu. Bwana na bibi wanajenga pamoja, nimewaona, na hakuna mama mkwe wa kuwasimamia. Wakaruka wakizunguka kichwa changu, wakilia kama mlango haujatiwa mafuta.

Na hapo juu ya paa ndipo walikuwa wanaweka mali yao. Mifupa. Ngozi ya nyoka. Kamba ya kiatu. Nikavuta kitu cheusi, ikatoka tai ya shingoni.

"Mwalimu! Hii si ile yako ya Pasaka?"

Nikamrushia. Watu wakaanza kucheka. Nikachimba tena, nikapata kitambaa chekundu, kimeingia matope na mavi ya ndege lakini kizima. Na chini yake kulikuwa na kitu kikubwa. Nikavuta, nikavuta, ikatoka shimizi.

Shimizi ilishonwa na gunia la unga. Maandishi ya buluu ya kampuni ya unga yalikuwa bado yanasomeka, yamepita katikati ya makalio. Shimizi ya namna hiyo ilikuwa moja tu laini nzima, na ilipopotea mwenyewe, huyu huyu mama mkwe, alitutukana sisi wote kuwa wezi. Hiyo ilikuwa kabla hajabeba mimba ya yule mtoto wake wa mwisho, ambaye sasa alikuwa amemfunga mgongoni, mnene kama kibuyu.

Nikaiinua juu. "Hii ni ya nani, aliyefungwa tumbo?"

Mama mkwe akaangalia bwawa. "Si yangu."

"Ina maandishi, Maitu. Nisome?"

"Soma!" watu wakapiga kelele. Nikajaza kifua.

"Ni yangu," rafiki yangu akasema.

Ile shimizi yeye angeingia ndani mara mbili na nafasi ibaki.

"Maitu alinipatia. Nilianika vibaya, ikachukuliwa."

"Wee!" Nilikaribia kuanguka. "Unasema nini wewe?"

"Shuka. Unaonyesha watu miguu."

Nikashuka. Mama mkwe akaninyang'anya shimizi, akaikunja pole pole, akaiweka kwapani. Akamwangalia rafiki yangu mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia.

"Kesho uamke mapema," akamwambia. "Mahindi ya Jumamosi haijasagwa."

Hakuna nyumba iliungua. Mimi niliharisha siku mbili, na watu wakatikisa kichwa, ati unaona. Mwalimu alivaa tai yake. Kichwa Nyundo wakaacha kile kiota na kujenga kingine mti wa pili, bila sababu, vile wanapenda. Kile cha zamani kikaingiwa na bundi, basi watu wakaanza kumwogopa bundi.

Lakini mimi nilikuwa na hasira. Tulipokutana kwa mstari wa kahawa nikamwambia, "Nilikuwa nimemkamata! Watu wote walikuwa upande wetu!"

"Wewe ulikuwa unataka kumshinda," akasema, anachuna tu. "Mimi nilikuwa nataka kulala kwa nyumba yangu."

Nikamwambia asinitume tena kumpandia mti.

Akasema hakuwa amenituma.